Antena ya Pande Zote Haisikii Pande Zote

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa wapenzi wa redio hapa Dodoma. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika. Picha za ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, mafundi wenzangu, vijana mliotoka vyuoni, itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Asanteni, asanteni. Nimeombwa nizungumzie antena. Nikauliza, antena ipi? Nikaambiwa ile ya kuongea kupitia setilaiti bila kuzungusha kitu. Nikajua papo hapo ombi limetoka kwa nani. Limetoka kwa mtu ambaye ameshasimama uani na yagi, ile antena ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja, mkono mmoja, redio mkono wa pili, simu yenye ramani ya setilaiti ameibana kwa kidevu, na jirani anamchungulia juu ya ukuta akidhani anapima madini.

Mnacheka kwa sababu mnamjua. Wengine mmekaa naye benchi moja.

Mtu huyo anataka nini? Anataka antena iliyofungwa juu ya bati, imetulia. Setilaiti itoke kusini, itoke magharibi, yeye yuko ndani, chai iko mezani, anaita na anajibiwa. Je, inawezekana? Inawezekana kabisa. Je, antena yoyote iliyoandikwa "pande zote" itampa hayo? Haitampa. Na hilo ndilo lililonisimamisha hapa leo.

Kabla sijaingia huko, nataka kuwapa tarehe mbili. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku tatu baadaye, tarehe 12 Desemba, ikarushwa kutoka California OSCAR 1, setilaiti ya kwanza duniani ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu, si kwa biashara. Wakati sisi bado tunashangilia, kile kijisanduku kisichofika kilo 5 kilikuwa kinapita angani kikituma neno moja tu kwa Morse: HI, HI, HI. Hakikuwa na paneli za jua, kilikuwa na betri, kikadumu wiki tatu hivi. Antena yake? Fimbo moja ya sentimita 60. Na bado watu zaidi ya 570 kutoka nchi 28 walikisikia na wakaandika taarifa. Kwa hiyo mtu akikwambia bila mitambo ya mamilioni huwezi kusikia setilaiti, mpe tarehe hiyo.

Sasa tuingie kazini.

Tunaposema antena ya pande zote, pande zipi? Kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Basi! Nani alisema juu? Hakuna aliyesema juu. Lakini setilaiti iko wapi, ndugu zangu? Iko juu.

Chukueni fimbo iliyosimama wima. Mawimbi yake yanatoka kwa umbo la ngata, ile ngata anayoiweka mama kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Fimbo imepita katikati ya tundu. Pembeni kote kumejaa. Kwenye tundu, yaani juu kabisa na chini kabisa, hamna kitu. Sasa ikalie ngata hiyo. Inafanyaje? Inabonyea na kutanuka. Kitambaa kimeongezeka? Hakijaongezeka hata uzi. Hiyo ndiyo geini, yaani ile nguvu inayosemwa imeongezwa, ya antena ya pande zote. Zile desibeli, yaani vipimo vya nguvu hiyo, zilizoandikwa kwenye boksi kwa wino mwekundu hazikutengenezwa kiwandani. Zimeondolewa juu zikapelekwa pembeni.

Kuna fundi mmoja hapa mjini, kazi yake ni redio upepo za magari na za walinzi, na kazi hiyo anaijua vizuri. Alipoingia kwenye mambo ya setilaiti akasema, "Mimi antena ninayo." Na kweli anayo: mlingoti wa faibaglasi wa mita tano na ushee, bendi mbili, ambao ukiufunga kwenye nguzo unaongea na gari lililo mbali huko barabara ya Singida. Akaifungulia SO-50, setilaiti inayopokea sauti za watu wa redio na kuzirudisha chini. Setilaiti ikachomoza kusini, sauti ya bwana mmoja wa Afrika Kusini ikaingia safi. Fundi akapiga kofi. Baada ya muda kidogo sauti ikaanza kukatika. Setilaiti inapanda, inakaribia, sauti inazidi kufa! Akanipigia: "Kaka, setilaiti imeharibika." Nikamwambia asizime, aendelee kusikiliza. Ikapita juu kwa vipande vipande, neno lipo, neno halipo. Ilipoanza kushuka upande wa kaskazini, karibu inazama, sauti ikarudi nzima kama ilivyoanza.

Setilaiti haikuwa na kasoro. Antena ile nayo haikuwa na kasoro, iliundwa kwa ajili ya magari, na magari hayapai. Nguvu zake zote zimekusanywa kwenye nyuzi chache juu ya upeo wa macho. Ukipanda juu ya hapo, huku inasikia, huku haisikii, huku inasikia tena kidogo. Tuko pamoja?

Sasa naona kijana pale nyuma amenyoosha mkono, na najua anachotaka kusema. Kama ni hivyo, tutafute antena inayotazama juu moja kwa moja. Shusha mkono kwanza, tufanye hesabu.

Kituo cha anga cha kimataifa, ISS, kiko takribani kilomita 400 kutoka ardhini. Kikiwa juu ya utosi wako, umbali ndio huo huo, 400. Kikiwa nyuzi 30 kutoka upeo wa macho, umbali ni kama kilomita 740. Kikiwa nyuzi 10, umefika 1,440. Kikiwa ndiyo kwanza kinachungulia kule ukingoni, ni karibu kilomita 2,300. Kutoka 400 hadi 2,300 mawimbi yanapungua kwa desibeli 15. Desibeli 15 ni nini? Ni zaidi ya mara thelathini! Yaani juu ya utosi setilaiti inakupigia kelele, na kule ukingoni inakunong'oneza.

Basi msaada wa antena unauhitaji wapi, panapopigwa kelele au panaponong'onwa? Na kuna jingine. Setilaiti haikai juu. Mapito mengi hayafiki utosini, na yale yanayofika yanavuka pale kwa kasi. Muda mwingi wa pito, setilaiti iko chini ya nyuzi 30. Hapo ndipo inapoishi. Kwa hiyo mtu anayekuuzia antena yenye nguvu nyingi juu ya utosi anakuuzia mwavuli wakati wa kiangazi, na yule wa mlingoti wa mita tano anakuuzia barabara ya Singida. Wewe unataka sikio la kati ya nyuzi 10 na nyuzi 40. Hilo liandikeni.

Mwalimu mmoja wa sekondari kule upande wa Bahi alilionyesha jambo hili vizuri kuliko mimi. Yeye na wanafunzi wake walitengeneza tenstaili, ile ya daipoli mbili, yaani fimbo zinazolishwa katikati, zilizokatana msalaba, ya kupokelea kwenye masafa ya MHz 436. Ni ubunifu wa miaka ya 1930 wa George H. Brown wa kampuni ya RCA, na mpaka leo unatengenezeka kwa waya wa umeme na bomba la maji. Chini yake wakaweka wavu wa banda la kuku uwe kioo cha kurudisha mawimbi juu. Wavu wakauweka sentimita 17 chini ya daipoli, yaani robo ya wimbi, kama walivyoona kwenye mchoro. Wakafungua daftari la kawaida la kaunta. Safu ya kwanza, saa ambayo programu inasema setilaiti imechomoza. Safu ya pili, saa walipoanza kuisikia. Safu ya tatu, saa ilipopotea. Safu ya nne wakaiandika "Maoni", na humo kuna binti mmoja aliandika kila siku "kelele za mashine ya kusaga".

Daftari likajaa, wakakaa wakaliangalia. Walikuwa wanaisikia vizuri sana katikati na vibaya sana mwanzo na mwisho. Robo ya wimbi inasukuma nguvu juu utosini. Wakaushusha wavu hadi sentimita 26, ambayo ni sehemu tatu ya nane za wimbi. Sauti ya katikati ikapungua kidogo, kidogo tu, ambayo hakuna aliyeihitaji. Mwanzo na mwisho vikaongezeka. Gharama ya kazi hiyo ilikuwa vipande vinne vya msumari na nusu saa ya mwalimu.

Nimeshaitaja SO-50, sasa niiseme vizuri, kwa sababu inanipeleka kwenye jambo linalowagharimu watu fedha bure. SO-50 ilirushwa tarehe 20 Desemba 2002. Unaipandishia sauti kwenye MHz 145.850 na toni ya Hz 67, yaani mlio mdogo wa kuifungulia, inakushushia kwenye MHz 436.795. Ikiwa imelala, unaiamsha kwa toni ya Hz 74.4 kwa sekunde mbili tatu, inakupa dakika 10. Inatoa nguvu kiasi gani? Robo wati! Redio ya mkononi ya bei poa iliyo mfukoni mwako hapo inatoa wati nne au tano. Setilaiti ina robo, tena ikiwa kule ukingoni iko kilomita elfu mbili na zaidi.

Kwa hiyo kinachokushinda ni kufika au ni kusikia? Ni kusikia. Ni kusikia! Wati zako zinafika, hata kwa antena ya kawaida, ukiwa na redio ya gari ya wati 25 hivi zinafika bila jasho. Lakini watu wakikosa majibu wanafanya nini? Wanaongeza wati. Wanaita, wanaita, wanaita, huku setilaiti inawajibu na wenzao wanawajibu na wao hawasikii chochote. Mdomo mkubwa, sikio dogo. Na setilaiti ya FM ina mlango mmoja, mwenye nguvu kubwa humfunika mnyonge. Ukiita bila kusikia, unamfunika mtu anayesikia. Sikia kwanza, ndipo useme.

Na sikio linaharibiwa wapi? Kwenye kebo. Kuna kikundi cha vijana walipandisha antena yao juu ya mnara wa tenki la maji. Wazo zuri, si ndivyo tunavyofundishwa, kwamba antena ikipanda ndiyo bora? Kwa mawasiliano ya ardhini, ndiyo. Lakini setilaiti imeshapanda yenyewe, jamani! Wewe unatakiwa kuvuka paa la jirani na mwembe wake, basi. Wao wakashusha mita 25 za kebo nyembamba ya RG-58 hadi chumbani. Kwenye MHz 436 mita 10 za kebo hiyo zinakula zaidi ya desibeli 3, yaani nusu ya nguvu imeshakwenda. Mita 25 zinakula desibeli nane na zaidi. Katika kila mafungu saba ya mawimbi yaliyoingia kwenye antena, sita yaliishia ndani ya plastiki, na fungu moja likafika kwenye redio likiwa limechoka. Walipoiteremsha antena ile ile ikakaa juu ya bati la jiko, kebo mita sita, wakamsikia mtu wa Réunion.

Kebo gani basi? RG-213 inakula kama nusu ya hiyo, ila ni nene na bei yake mnaijua. Kwa kupokea tu, mimi nawaambia mafundi dishi mliomo humu: ile RG-6 mnayovuta kila siku kwenye ving'amuzi inakula kiasi kile kile cha RG-213. Ndiyo, ni ya ukinzani wa omu 75 na redio ni omu 50. Hasara ya kutolingana huko ni sehemu ndogo ya desibeli moja, hutaisikia. Konekta zake zimejaa madukani. Kuna watu wa redio wanaidharau kwa sababu ni kebo ya tivii, nami naona ni maringo tu.

Na ukitaka kuongeza kitu, usiongeze antena, weka amplifaya ndogo ya kupokelea. Lakini iweke wapi? Juu, mgongoni mwa antena, kabla ya kebo. Ukiiweka chini kando ya redio, inakuza kile kilichobaki pamoja na kelele za kebo, umefanya kazi bure. Na usirushe mawimbi kupitia kwayo, itaungua kabla hujamaliza kutaja namba yako ya kituo. Ndiyo maana napenda antena mbili: moja ya MHz 145 ya kupandishia, nyingine ya MHz 436 ya kupokelea, na kebo mbili. Kumbuka pia kwamba 145.850 mara tatu ni 437.55. Unaona ilivyo jirani na pale unaposikiliza? Ukibonyeza kuongea, redio yako mwenyewe inaziba sikio lako mwenyewe. Tenganisha antena hizo, na weka kichujio ukiweza.

Sasa kuna jambo ambalo halionekani kwa macho, ila siku moja nililiona kwa macho. Wanaanga wa ISS wana siku ambazo wanatuma picha kwenye MHz 145.800, picha moja inashuka kwa dakika mbili hivi, mstari kwa mstari. Binti mmoja wa chuo alikuwa ameshika redio ya mkononi na antena yake ya mpira, simu ameiweka kando ya spika, programu inachora. Picha inashuka: anga ya bluu, mstari, mstari, maandishi yanaanza kuonekana. Halafu ghafla chenga. Ukanda mzima wa chenga za kijivu, kama vidole viwili kwa upana, katikati ya picha. Kituo hakijajificha, kiko pale pale wazi. Akailaza redio ubavu, antena ikaelekea kando badala ya juu. Chenga zikakatika, picha ikaendelea safi chini ya ule ukanda.

Kilitokea nini? Wimbi lina mkao. Linaweza kuja limesimama, linaweza kuja limelala. Antena iliyosimama inapokea vizuri wimbi lililosimama, na lililolala inalikosa karibu lote. Setilaiti nyingi zinajizungusha huko juu, na hewa ya juu yenye chaji za umeme, ayonosfia, inalisokota wimbi njiani. Linaondoka limesimama, linakufikia limelala, dakika mbili baadaye limesimama tena. Mwenye redio mkononi anageuza mkono wake. Lakini antena iliyofungwa juu ya bati nani ataigeuza?

Dawa yake ni antena inayopokea wimbi la kuzunguka, yaani linalobadili mkao wake mfululizo. Hiyo ina kodi: kwa wimbi lililonyooka, liwe limesimama au limelala, inapoteza nusu, desibeli 3, kila wakati. Lakini haipotezi yote hata siku moja. Mimi naichukua kodi hiyo kwa furaha. Afadhali kumsikia mtu kwa sauti ya wastani toka mwanzo hadi mwisho kuliko kumsikia kwa nguvu halafu akatoweka katikati ya kukupa namba yake.

Basi tuchague. Mnasubiri jina, nawapa jina.

Kama unaanza, na fedha hakuna, chukua fimbo ya sentimita 49. Hiyo tu. Ni robo ya wimbi kwenye MHz 145, na ile ile inageuka kuwa robo tatu ya wimbi kwenye MHz 436, kwa sababu masafa ni mara tatu. Kwenye 145 ngata yake ni nene, haijabonyezwa. Kwenye 436 nguvu zake zinainuka juu zaidi, kule setilaiti ziliko. Ikiwa bati lako ni zima na halijatiwa kutu kwenye maungio, bati hilo ndilo ardhi ya antena. Sumaku ya antena ya gari inashika pale ukatoka kazini. Kama nyumba ni ya vigae, tumia soketi ya SO-239, lehemu fimbo katikati, na fimbo nyingine nne kwenye pembe, uzikunje kuelekea chini nyuzi 45. Kukunja huko kunaivuta omu kutoka thelathini na kitu hadi karibu na 50. Itakuwa na matobo ya chenga, nimeshasema kwa nini. Lakini utaongea na watu.

Ukitaka kitu cha kudumu cha kupokelea, mimi nasema Lindenblad. Imebeba jina la Nils Lindenblad, mhandisi wa RCA naye. Ni daipoli nne zilizopangwa duara, kila moja imeinamishwa nyuzi 30 kutoka usawa, zote zinalishwa kwa pamoja. Inapokea wimbi la kuzunguka, na inalipokea wapi? Chini, kule panaponong'onwa. Utosini ni dhaifu, na utosini hatuna shida. Kila nikiichora kwenye karatasi naona aliyeibuni alikuwa anatufikiria sisi. Ubaya wake ni ule mkusanyiko wa kebo nne katikati. Usipozikata urefu sawa itakuaibisha.

Eggbeater, ile ya vitanzi viwili, ni nzuri na inauzwa ikiwa tayari, ila ile sifa ya kuzungusha wimbi iko juu. Ukishuka chini inageuka ya wimbi lililolala. Ya kwadrifaila, ile iliyosokotwa, iliyopata umaarufu kwa setilaiti za hali ya hewa kwenye MHz 137, ni bora kwa anga nzima, lakini kuikunja kwa usahihi kwenye MHz 436 kunataka mkono wa sonara. Mwenye mkono huo aitengeneze, nitakuja kuinunua.

Tuje nyumbani sasa. Anga la Dodoma lina jambo lake, na sijui kwa nini halisemwi. Sisi tuko nyuzi 6 na kidogo kusini ya ikweta. Setilaiti zinazopita juu ya ncha za dunia zinawatembelea sana watu wa Ulaya ya kaskazini. Sisi zinatupitia mara chache kwa siku. Lakini kuna IO-86, ya Indonesia, iliyorushwa kutoka India tarehe 28 Septemba 2015. Hiyo haiendi kwenye ncha. Inazunguka kandokando ya ikweta, kwenye mwinamo wa nyuzi 6, kimo cha kilomita 650 hivi. Nyuzi 6! Yaani ukingo wa njia yake ya kusini unapita hapa hapa kwetu. Mtu wa London haioni kabisa. Sisi inarudi kila baada ya saa moja na dakika 45 hivi, mchana na usiku.

Na ukipiga hesabu kutoka hapa Dodoma, kila pito lake linafika juu angalau nyuzi 18, na mengine yanafika utosini. Hakuna pito la kuchungulia tu na kuzama. Kwa antena iliyotulia juu ya bati, utaomba nini zaidi? Inapandishiwa kwenye MHz 145.880 na toni ya Hz 88.5, inashusha kwenye MHz 435.880. Ripita yake, yaani kile kifaa cha kurudisha sauti, huwashwa kwa ratiba, haiko wazi saa zote, kwa hiyo angalia hali yake kabla ya kulaumu antena. Na inachomoza magharibi, inazama mashariki, siku zote. Unapochagua kona ya bati, usiangalie wapi pana nafasi. Angalia magharibi na mashariki pako wazi. Tenki la maji likae kaskazini au kusini.

Upepo wetu mnaujua. Julai na Agosti fimbo nyembamba isiyoshikwa itatikisika mpaka lehemu ikatike, kwa hiyo shika kila kitu kwa klipu mbili, si moja. Masika yakija kuna radi. Mawingu yakijikusanya chomoa kebo uitupe nje ya dirisha, usiache imelala kando ya redio. Na kabla hujasema setilaiti haisikiki, iweke redio kwenye betri, zima meni suichi ya nyumba, usikilize tena. Mara nyingi utagundua adui ni taa ya LED ya sebuleni au inveta ya sola, hata kama mama mwenye nyumba hataki kusikia habari hizo.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, kijana wa nyuma, sasa uliza.

Ameuliza kuhusu QO-100. Swali zuri. Ni kifaa cha redio za ridhaa kilicho ndani ya setilaiti ya Es'hail-2, imesimama nyuzi 25.9 mashariki tangu iliporushwa Novemba 2018, haitembei, na kwa Dodoma iko juu sana, nyuzi sabini na kitu. Lakini inashusha kwenye GHz 10. Antena ya pande zote huko haisikii hata mlio. Hiyo ni kazi ya dishi, na kwa kuwa haitembei, dishi halihitaji kuzungushwa. Mafundi dishi, mnaona? Kazi hiyo mmeshaifanya maisha yenu yote, mlikuwa mnaelekeza kwingine tu.

Mzee wangu hapa mbele anauliza leseni. Kurusha mawimbi bila leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ni kosa, hata kwa wati moja, hata kwa sekunde mbili za kuamsha SO-50. Namba zetu za kituo zinaanza na 5H. Asiye na leseni akae na mwenye leseni, amshikie kebo, na aanze kujaza fomu.

Wa vitendo tukutane hapo nje upande wa kantini. Soketi ziko kumi na mbili, waya upo, jiko la mkaa la kupashia chuma cha lehemu limeshawashwa kwa sababu umeme wa ukumbi siuamini. Mwenye koleo aje nalo, na mtu mmoja mrefu ajitolee kupanda ngazi.